Nyingine

Bangili ya Bwana Tansley ni ya mpira, ya kijivu,
ina taa ya kijani kama jicho la paka aliyeshiba.
Kila saa tatu usiku naivua, naichaji robo saa,
naye ananiuliza kwa mara ya nne
kama zamu ya usiku imeshaingia.
Alikuwa fundi wa mashine za soksi. Kiwanda sasa ni fleti.
Nimwambie, alie upya?
Imeingia, baba. Mashine zinazunguka.

Januari ile alitoka saa tisa za usiku, na pajama,
akafuata miguu yake hadi Kisiwa cha Chura.
Mtaa huo wa Leicester hauna chura, una mfereji,
na mfereji ulikuwa umeganda nusu.
Bangili ikaita. Ramani ikatoa kitone chekundu.
Polisi walimkuta ameketi ukingoni,
viatu kavipanga kando, vizuri,
kama mtu aliyefika kwa watu.
Asije mtu akaniambia jicho lile ni baya.
Miguu ile niliisugua mimi mpaka ikarudi rangi.

Lakini nami nina langu.
Kampuni imelitia ndani ya simu yangu:
linajua nimegonga mlango upi, nimetoka lini,
nimekanyaga mafuta kiasi gani Barabara ya Narborough.
Alhamisi moja, saa moja kasorobo asubuhi,
sauti ya Shekiondo iliingia kutoka Muheza:
Dada, mama ametutoka.
Niliegesha mbele ya duka la mazulia.
Sikulia sana. Nilishika usukani
nikasoma bei za mazulia, zote, hadi za kapeti la ngazi.
Nilipowasha gari, skrini ikauliza:
Umesimama dakika kumi na moja. Toa sababu.
Foleni. Mafuta. Mteja. Nyingine.
Nikabonyeza Nyingine.

Gemma wa ofisini alipiga kuuliza ni nyingine ipi.
Binti mwema. Alinyamaza, akasema pole,
akasema hawezi kuifuta, mfumo haufuti.
Na kufika jioni simu ilikuwa inaniuzia
tiketi za Dar es Salaam, bima ya mazishi,
shada la maua kwa bei ya punguzo.
Tanzia ilifika kwao kabla ya kufika kwa shangazi zangu.

Siri ya mtungi muulize kata.
Kata ya siku hizi ina betri, ina mwenyewe,
na mwenyewe sijawahi hata kumsikia akikohoa.
Wanasema: kama huna la kuficha, waogopa nini?
Sina la kuficha. Nina la kusitiri.
Mwizi huficha. Anayeoga hujisitiri.
Lugha yangu ilizitenga hizo mbili
kabla umeme haujafika kwetu.

Basi mbona nikirudi, koti sijavua,
nafungua ramani kutazama kitone cha Ilham?
Kiko maktaba. Kiko kituo cha basi.
Jana kilisimama karibu na mto,
dakika sita, dakika tisa,
kidole changu kimeshaandika: Uko na nani?
Kumi na moja.
Nikaona aibu ya mtu aliyefumwa dirishani
akichungulia nyumba yake mwenyewe.
Nikafuta. Nikabandika chai.
Akaingia, pua nyekundu, macho yamevimba.
Sikuuliza. Kikombe cha pili ndipo aliposema:
Nilimkumbuka bibi.

Kitone sijakizima. Siwezi kusema uongo hapa.
Macho hayana pazia, na ya mama hayana hata dirisha.

Saa tatu. Naivua bangili, naichomeka ukutani.
Mkono wa Bwana Tansley mtupu, mwepesi,
una alama nyeupe palipokaa mpira.
Kwa robo saa hakuna setilaiti inayojua aliko.
Najua mimi. Nimemshika.